"Ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima" maana yake nini, na kwa nini Wamarekani waliingia barabarani kwa ajili yake

Chukua fomu ya bima ya afya ya kampuni yoyote ya binafsi hapa Kampala. Kurasa za mbele ni mambo ya kawaida, jina, namba ya kitambulisho, watoto wangapi, picha za pasipoti. Ukifungua ndani ndo unakuta jedwali la maswali lenye viboksi viwili viwili vya ndiyo na hapana: una presha? una sukari? pumu? selimundu? umewahi kulazwa? umewahi kupasuliwa? una mimba sasa hivi? Kila ukiweka tiki kwenye ndiyo, hapo umetaja ugonjwa uliokuwepo kabla, yaani ugonjwa au hali yoyote ya mwili uliyokuwa nayo kabla bima yako haijaanza kufanya kazi. Haijalishi kama ulizaliwa nao au umeupata mwezi jana, na mara nyingi haijalishi hata kama ulishapona, wao wanachoangalia ni kama upo kwenye rekodi zako za hospitali.

Sasa kampuni ikishaona tiki yako, kama hakuna sheria ya kuizuia, inaweza kufanya mambo kadhaa. Inaweza kukukataa moja kwa moja. Inaweza kukupokea lakini ikaandika kwenye mkataba kwamba inakulipia kila kitu isipokuwa huo ugonjwa, sasa mtu wa sukari anapewa bima isiyogusa sukari, macho yake, figo zake, vidonda vya miguu yake, vyote wanasema vimetokana na sukari kwa hiyo jitegemee. Inaweza kukuambia ungoje, miezi kadhaa au mwaka mzima unalipa ada lakini ukiumwa hicho kitu hawalipi. Au inakupandishia bei mpaka wewe mwenyewe unajitoa. Halafu kuna ile mbaya kuliko zote, wanakupokea vizuri, unalipa kila mwaka bila shida, siku unapata saratani ndo wanaanza kufukua mafaili ya zamani wakitafuta kitu ambacho hukukiandika kwenye fomu, wakikipata wanafuta bima yako yote na bili ya hospitali inabaki mikononi mwako.

Mimi huwa namfikiria mtoto wa selimundu. Utafiti mkubwa wa nchi nzima uliopima damu za watoto wachanga wa Uganda, ukatolewa 2016, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba chembe ya selimundu, na kule Lango na Busoga ndo wengi zaidi. Kubeba chembe si kuumwa, lakini wabebaji wawili wakizaa pamoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa kabisa. Mtoto huyo hajawahi kuishi hata siku moja bila huo ugonjwa. Hakuna siku ambayo mama yake angeweza kuwahi akamkatia bima "akiwa bado mzima". Kwa hiyo kanuni ya ugonjwa wa kabla, ukiisoma kwa macho ya huyo mama, inasema mtoto wako hana bima maisha yake yote kwa ile kazi moja anayoihitaji, yaani kuongezwa damu, dawa za maumivu, kidonge cha hydroxyurea cha kila siku, kulazwa kila anapopata krizi, yaani maumivu makali ya ghafla. Atalipiwa mafua na kuvunjika mkono. Hiyo inauma jamani, na ndo sababu mimi sioni hili jambo kama kakipengele kadogo ka wanasheria.

Lakini tuseme ukweli wote, kampuni nazo zina hofu ambayo si ya uongo. Kama kila mtu angeruhusiwa kukaa bila bima mpaka siku anaumwa, halafu anunue asubuhi na kulazwa jioni, mfuko ungekauka mara moja, maana bima inaishi kwa pesa za wazima zinazotibu wagonjwa wa mwaka huo, mwakani wanabadilishana. Watu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wanalijua hili tangu zamani kwenye vikundi vya engozi, vile vya kubeba mgonjwa kwa machela kushuka milima mpaka hospitali. Kila nyumba ya kijiji iko ndani, vijana wenye mabega wako ndani na wazee wasioweza kubeba nao wako ndani, hakuna anayejiunga siku mke wake anashikwa na uchungu. Hospitali ya Kisiizi kule Rukungiri ilipoanzisha bima yake ya jamii 1996 ilipitia humo humo kwenye engozi, watu wanaingia kama kikundi, si mmoja mmoja anayejiona anakohoa. Ndo dawa ya hiyo hofu: ukiingiza watu wote, wazima na wagonjwa, huna haja ya kumuuliza mtu anaumwa nini.

Marekani walichofanya ni karibu hivyo hivyo, ila kwa sheria ya nchi. Kabla ya hapo mtu aliyejinunulia bima mwenyewe, si ya kupewa kazini, alikuwa anajazishwa fomu kama hizi zetu na kukataliwa kwa sukari, kwa saratani aliyopona zamani, kwa mimba. Shirika la utafiti la Kaiser lilikadiria 2016 kwamba Wamarekani kama milioni 52 walio chini ya miaka 65 walikuwa na hali ambayo kwa kanuni za zamani ingewafanya wakataliwe. Sheria ya Obama iliyosainiwa Machi 2010 ikapiga marufuku, na kuanzia Januari 2014 kampuni haikuruhusiwa kumkataa mtu mzima kwa sababu ya ugonjwa wa kabla wala kumtoza zaidi ya jirani yake wa umri ule ule. Ili mfuko usikauke wakaweka upande wa pili pia, kila mtu awe na bima la sivyo alipe faini, na wenye kipato kidogo serikali iwasaidie kulipia. Ni mafiga matatu, na hiyo faini watu wengi hawakuipenda kabisa, hilo nalo ni kweli.

Sasa tufike kwenye hasira ya 2017, na hapa nataka msomaji aangalie vizuri maana ndo somo lenyewe. Chama cha Republican kilikuwa kimeshika Ikulu na Bunge lote na kilikuwa kimeahidi miaka saba kuifuta ile sheria. Lakini muswada wao haukuandika popote kwamba wagonjwa wakataliwe. Ungeusoma haraka haraka ungeona bado unasema kampuni lazima impokee kila mtu, na wabunge walisimama kwenye kamera wakisema watu wenye magonjwa ya kabla wamelindwa. Ujanja ulikuwa kwenye bei. Ukikaa siku 63 bila bima, labda umepoteza kazi au umehama, ukirudi unapigwa asilimia 30 juu kwa mwaka mzima. Halafu wakaongeza kipengele kingine kinachoruhusu jimbo kuomba ruhusa, na kwenye jimbo hilo mtu aliyekaa na pengo kama hilo kampuni ingemtoza kulingana na hali ya mwili wake. Yaani mlango haujafungwa, ila kiingilio kimefanywa kikubwa kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe anageuka anarudi nyumbani.

Watu waliliona. Wabunge waliporudi majimboni mwao mwezi wa pili, kumbi zilijaa mpaka nje, Utah, Arkansas, watu wa kawaida wanasimama na kipaza sauti wanataja ugonjwa wao au wa mume wao na kumuuliza mheshimiwa nitaishi vipi. Mwezi wa tano mtangazaji wa vichekesho Jimmy Kimmel alisimama kwenye kipindi chake akilia, akaeleza mwanae aliyezaliwa na moyo mbovu akapasuliwa akiwa na siku chache tu, akasema mtoto asife kwa sababu wazazi wake hawana pesa. Siku tatu baadaye, Mei 4, baraza la chini la Bunge likapitisha muswada kwa kura 217 dhidi ya 213, tena bila kungoja ofisi ya bajeti ya Bunge imalize kupiga hesabu ya muswada kama ulivyorekebishwa. Hesabu ikaja Mei 24: watu milioni 23 zaidi wangekuwa bila bima kufikia 2026, na kwenye yale majimbo ya ruhusa wagonjwa wangefika mahali pa kushindwa kununua bima kamili kwa bei inayofanana na ya sasa, kama wangeipata kabisa. Juni 22 walemavu wakaja na viti vyao vya magurudumu wakalala chini mbele ya ofisi ya kiongozi wa Seneti, lile baraza la juu la Bunge, askari wakawabeba mmoja mmoja kuwatoa. Picha hizo zilizunguka dunia nzima.

Mwishowe muswada ulizuiwa na kura moja. Usiku wa Julai 28 toleo fupi la muswada lilianguka Seneti 49 kwa 51, Republican watatu walikataa, Susan Collins, Lisa Murkowski na John McCain ambaye mwezi huo huo alikuwa ameambiwa ana saratani ya ubongo. Desemba wakaondoa ile faini kupitia sheria ya kodi, lakini ulinzi wa ugonjwa wa kabla ukabaki. Na vita haijaisha, mwaka 2025 serikali yao ilifungwa siku 43 wakibishania ruzuku ya ziada ya kulipia bima iliyokuwa imepangwa kuisha mwisho wa mwaka huo. Ni bei tena. Kukubaliwa kwenye karatasi bila uwezo wa kulipa hakumtibu mtu.

Sisi huku tuko wapi? Tangu 2001 hospitali za serikali ziliacha kutoza wagonjwa, ukiacha zile wodi za kulipia, lakini kila mtu anajua unavyofika unaandikiwa dawa ukanunue nje. Wenye bima ni wachache mno, wengi ni wa kupewa na mwajiri. Bunge letu lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa mwisho wa Machi 2021, haukupata sahihi ya Rais, na tangu hapo kila mwaka tunasikia unarudi. Mjadala mwingi unaishia kwenye makato ya mshahara, na ni haki watu kuuliza makato, lakini kipengele cha mtu aliyekwisha kuumwa karibu hakuna anayekiulizia. Muswada ukirudi, angalia kwanza kama mwenye selimundu au presha analipa sawa na mwingine, kisha angalia mtu akikosa kulipa miezi miwili kwa sababu mazao hayakuuzika, akirudi anarudishwa vipi, maana pengo ndo walilotumia kule.

Na kwa wewe unayejaza fomu ya binafsi wiki hii, andika ugonjwa wako ulivyo, usimsikilize ajenti akikwambia hiyo presha iache tu, kwa sababu siku ya bili ajenti hatakuwepo na kuficha kwako ndo sababu watakayoitumia kukufuta. Mwambie akuandikie kwa maandishi muda wa kungoja ni miezi mingapi na unahesabiwa kuanzia lini, kisha fungua ukurasa wa vitu wasivyolipia, kwa kawaida uko nyuma kabisa na herufi zake ni ndogo, usome wote kabla ya kuweka sahihi.