Kijani cha oksidi ya zinki: acheni kuisingizia oksijeni

Unga wa oksidi ya zinki ukimulikwa kwa urujuanimno hung'aa kijani. Kila memwari (tasnifu ya chuo) ya unga huo inayopita Lubumbashi ina sentensi ileile: "Mwanga wa kijani unathibitisha kwamba fuwele imepungukiwa oksijeni." Nukta. Unathibitisha nini?

Pengo la nishati, yaani ruko ambalo elektroni hulivuka ndani ya fuwele, ni karibu 3.37 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), kwa hiyo elektroni ikirudi na kukutana na tundu lake, nafasi iliyoiacha, hutoka urujuanimno wa nm (nanomita) 380 hivi. Kasoro huweka ngazi ndani ya pengo, elektroni inateremka hatua fupi zaidi, tunaona kijani (nm 500–550), njano au chungwa. Hapo hatugombani.

Ugomvi uko kwenye jina la kasoro. Nafasi iliyoachwa na oksijeni ni mshukiwa, sawa. Iliyoachwa na zinki ni mshukiwa pia. Halafu kuna shaba, na sisi tuko Katanga! Mawe ya Kipushi, km 30 hivi kutoka mjini, yana zinki na shaba pamoja. Shaba ikikalia kiti cha zinki hutoa kijani chake, na sehemu chache kwa milioni zinatosha. Asetati ya zinki iliyoandikwa 99% imekuachia uchafu wa hadi sehemu 10,000 kwa milioni. Ukipoza sampuli hadi kelvini chache, kijani cha shaba huota meno yaliyopangika kwenye grafu kuanzia 2.86 eV. Kwenye joto la kawaida meno yanafutika, unabaki na kilima kimoja kisichosema kitu.

Kinachoniudhi zaidi ni XPS, kipimo kinachong'oa elektroni kwa eksirei na kusoma nishati zake. Kilima cha 531.5 eV kinaitwa "nafasi tupu za oksijeni". Jamani, nafasi tupu haina atomi. Pasipo atomi, elektroni ya oksijeni inatoka wapi? Pale unaona hasa hidroksili, maji na kabonati juu ya chembe. Unga wa nm 10 ulioachwa wazi kwenye mvua za Januari utakuwa navyo tele. Ishara ya g = 1.96 ya EPR (kipimo cha sumaku cha elektroni zisizo na mwenzi) nayo hubandikwa jina hilohilo, wakati ni ya watoaji elektroni wa kina kifupi, wale ambao ngazi yao iko karibu na ukingo wa pengo.

Ukitaka kujaribu kama ni oksijeni kweli, gawa unga wa upishi mmoja mara tatu, choma 500 °C kwa saa moja, kila fungu katika hewa yake: oksijeni, arigoni (gesi isiyoungana na kitu), mvuke wa zinki. Poza kwa mwendo mmoja, shindilia kwa nguvu ileile, pima kwa leza isiyobadilishwa ukali, kwa sababu ukiiongeza kasoro hushiba na uwiano wa urujuanimno kwa kijani unapanda wenyewe. Weka kichujio: leza ya nm 325 hujirudia kwenye 650, na mtu anatangaza kasoro nyekundu mpya.

Hata hivyo, arigoni ya moto pia inafukuza hidroksili na kukuza chembe, hivyo kijani kinaweza kupanda bila oksijeni yoyote kutoka. Sijui njia ya bei nafuu ya kutenganisha haya. Mimi huandika "kasoro ya kina kirefu, aina haijathibitishwa", na jopo la watahini linaguna.

Wenye kumulika kwa taa za kukagua noti badala ya leza: ya nm 365 inavuka pengo, kwa taabu, ya nm 395 haifiki. Na msimwage unga juu ya karatasi nyeupe ya printa. Ule ubuluu ni wa karatasi.