Wati za pawa saplai: namba ya kwenye kibandiko ina maana gani?

Pawa saplai ni lile kasha la chuma lenye feni, lililofungwa nyuma ya kompyuta ya mezani, ambalo hupokea mkondo geu wa ukutani (volti 230 kwa Tanzania, 240 kwa Kenya) na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Linapokufa, mwenye kompyuta huingia dukani na swali moja: la wati ngapi? Swali ni la haki, lakini jibu lililochapwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa kasha halitoshi, na wakati mwingine linapotosha.

Wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea, na namba ile kubwa inatakiwa kuwa uwezo wa jumla wa njia zote za umeme (ya volti 12, ya 5 na ya 3.3) kwa pamoja. Muundo wa ATX, yaani kanuni ya umbo na plagi za kompyuta za mezani, ulipoletwa na Intel mwaka 1995, sehemu kubwa ya umeme ilipita kwenye volti 5 na 3.3, lakini siku hizi prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki (inayochora picha za skrini) hula karibu umeme wao wote kutoka njia ya volti 12. Kwa hiyo jedwali dogo lililo chini ya namba ile ndilo la kusomwa. Tuseme kasha moja limeandikwa wati 500, lakini jedwali linaonyesha volti 12 kwa ampea 16: hizo ni wati 192 tu. Jirani yake rafuni limeandikwa wati 450, na njia yake ya volti 12 ina ampea 36, yaani wati 432. Kwa kompyuta ya leo, lile la 450 ndilo lenye nguvu zaidi, tena kwa mbali.

Kompyuta ya ofisi yenye prosesa ya wati 65, diski moja na isiyo na kadi ya grafiki kwa kawaida haifiki wati 150. Kadi ndiyo hubadilisha hesabu: nafasi ya PCIe, yaani tundu la ubao mkuu inamochomekwa, yenyewe hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 huongeza 75, na ya pini 8 huongeza 150. Jumlisha, kisha acha akiba ya kama theluthi moja. Kununua kubwa kupita kiasi hakumalizi yuniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla), kama wengi wanavyohofia, kwa kuwa pawa saplai huvuta kile tu ambacho kompyuta inadai, pamoja na kinachopotea kama joto. Kompyuta ikidai wati 300 na ufanisi ukawa asilimia 80, ukutani zitavutwa 375. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, inahusu upotevu huo, wala si nguvu ya kasha.

Jambo linalowaponza watu zaidi ni umbo na plagi. Kasha la kawaida la ATX lina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na plagi yake kuu ina pini 24. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu, hata hivyo, ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo, nazo zina mipango yao: Dell OptiPlex 7020 ya mwaka 2014 ina plagi kuu ya pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Hapo ni lazima kutafuta kasha la modeli ileile au waya wa kuunganishia uliotengenezwa kwa ajili yake. Binafsi ningebeba la zamani hadi dukani, yawekwe mawili kaunta moja na plagi zilinganishwe. Vilevile nyaya za kuchomoka za kasha moja zisihamishiwe kwenye jingine, hata zikiingia, maana mpangilio wa pini upande wa kasha haufuati kanuni moja.

Kama nyuma kuna swichi nyekundu ya 115 na 230, iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Ikiachwa kwenye 115, kasha jipya hupasuka papo hapo.

Na kabla ya kutoa fedha, hakikisha kweli la zamani limekufa. Kwa lile la pini 24, fundi huchomoa plagi zote ndani ya kompyuta, huunganisha tundu la waya wa kijani na la mweusi mmojawapo kwenye plagi kuu kwa kipande cha waya, kisha huwasha. Feni isipozunguka, kuna kila dalili kwamba limekufa, ingawa machache huzima feni yakiwa hayana mzigo. Ikizunguka, bado haijathibitika kwamba linaweza kubeba mzigo, hivyo njia ya volti 12 hupimwa kompyuta ikifanya kazi, nayo inatakiwa isome kati ya 11.4 na 12.6. Kasha lenyewe lisifunguliwe: kapasita za ndani (vifaa vinavyohifadhi umeme) huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.