Mkazo wa joto kwa vifaranga: maana yake na unavyoonekana

Mwezi wa kumi Tabora, saa nane mchana, bati la banda ukiligusa linakuunguza. Ndani, vifaranga wa wiki tatu wamejibana ukutani, midomo wazi, mabawa yamelegea. Katikati ya bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, jiko la mkaa bado linawaka, maana mfugaji ameambiwa kwamba vifaranga wanahitaji joto. Hali waliyo nayo ndiyo huitwa mkazo wa joto. Wengine husema msongo wa joto, na wote wanazungumzia kitu kimoja.

Kwa maneno mepesi, mkazo wa joto ni pale mwili wa kifaranga unapokuwa na joto jingi kuliko lile unaloweza kulitoa nje. Joto hilo lina chanzo zaidi ya kimoja. Liko linalotoka nje: jua, bati, jiko, taa, na miili ya wenzake waliosongamana naye. Na liko analolizalisha mwenyewe, hasa anapokula, kwa kuwa kusaga chakula tumboni kunaleta joto. Ndiyo maana kifaranga aliyezidiwa huacha kula kabla ya jambo jingine lolote kubwa. Mwili wake unakataa kuongeza moto juu ya moto.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba joto la kutosha halina kipimo kimoja. Linategemea umri. Kifaranga wa wiki ya kwanza ana manyoya laini tu na mwili wake haujajua kujitunzia joto, hivyo anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 pale alipo, kwenye usawa wa mgongo wake. Baada ya hapo hupunguzwa nyuzi 2 au 3 kila wiki, mpaka kufika kama 21 hadi 24 anapokuwa ameota manyoya kamili. Sasa chukua nyuzi 33 za mchana wa Oktoba. Kifaranga wa siku tatu analala raha mustarehe, na ndugu yake wa wiki tano, banda lilelile, anatweta.

Kutweta ndiyo dalili inayojulikana zaidi, na inafaa kueleweka vizuri. Kuku hatoki jasho, hana kabisa tezi za jasho. Njia yake kuu ya kujipoza joto likizidi ni kuvuta na kutoa pumzi haraka haraka mdomo ukiwa wazi, ili unyevu wa kooni na kwenye njia ya hewa ukauke na kuondoka na joto. Kazi hiyo ina gharama. Maji ya mwili yanapotea, na akitweta muda mrefu anatoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, damu yake ikakosa ulinganifu wake wa kawaida. Tena kutweta kunasaidia pale hewa ilipo kavu. Hapa Tabora mwishoni mwa kiangazi hewa ni kavu, na hiyo ni nafuu kubwa kwa kuku. Mvua za Novemba zikianza, hewa ikawa nzito, kifaranga anaweza kuzidiwa hata siku ambayo kipimajoto hakijapanda sana. Wenzetu wa Kigoma, walio kando ya Ziwa Tanganyika, wauweke unyevu kwenye hesabu zao pia.

Kabla ya kutweta, kifaranga ameshasema mengi kwa mwili wake. Kwanza anakimbia chanzo cha joto. Vifaranga wenye baridi hulaliana chini ya taa wakilia kwa sauti kali. Waliozidiwa na joto huenda pembeni kabisa, wakaacha duara tupu katikati. (Wakirundikana wote upande mmoja tu, angalia upepo kwanza, huenda kuna tundu linalopitisha baridi.) Kisha anainua mabawa kidogo au kuyaachia yaning'inie, ili hewa ipite kwenye ngozi ya ubavuni isiyo na manyoya mengi. Anapunguza kutembea, anaacha kuparua. Anang'ang'ania chombo cha maji. Kwa kuwa anakunywa sana na kula kidogo, kinyesi kinakuwa cha majimaji na maranda yaliyotandazwa sakafuni yanalowa, na mfugaji mgeni anakimbilia dawa ya kuhara.

Dalili inayoniumiza zaidi ni ukimya. Bruda yenye joto zuri ina sauti ya chini isiyokatika, vifaranga wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala kiubavu miguu wameinyoosha. Huyo aliyejinyoosha usimhofie, kama mdomo umefungwa amestarehe tu. Bruda iliyozidi joto hunyamaza. Kundi langu la kwanza lilikuwa vifaranga chotara mia moja. Mchana mmoja sikusikia sauti, nikaona wametulia, nikaenda sokoni. Niliporudi nilikuta 17 wamekufa, na waliobaki vichwa vimeinama. Jiko nilikuwa nimeliwasha mwenyewe asubuhi kwa ajili ya ubaridi wa alfajiri, na sikulitoa.

Tangu hapo namtazama kuku wa kienyeji anavyolea. Vifaranga wake wakisikia baridi wanaingia chini ya mbawa, wakisikia joto wanatoka wenyewe, na jua likikaza anawapeleka kivulini chini ya mwembe. Kifaranga anachagua. Bruda nzuri inaiga jambo hilohilo: joto linawekwa sehemu moja, na pembeni kunaachwa nafasi ya kukimbilia. Bruda ndogo iliyojaa, yenye joto kila kona, inamnyima kifaranga njia yake ya kwanza ya kujiokoa, hivyo anabaki na kutweta tu. Wakisongamana hivyo, kwenye joto na mwanga mkali, ndipo huanza kudonoana, na damu ikionekana mara moja, kuwazuia ni kazi kubwa.

Kuku hawalingani katika kustahimili. Broila, yaani kuku wa kisasa wa nyama, wanaumia zaidi, kwa sababu wanakula sana na kukua haraka, na miili yao inazalisha joto jingi. Kishingo, yule kuku wa kienyeji asiye na manyoya shingoni, hutoa joto kwa urahisi zaidi.

Kuna wakati kutweta hudhaniwa kuwa ugonjwa wa kuku kama mafua au kideri (Newcastle). Utofautishe kwa saa na kwa idadi. Kwenye mkazo wa joto karibu kundi zima linatweta pamoja, mchana, na jua likishuka wanafunga midomo na kurudi kwenye chakula. Kifaranga mgonjwa anapumua kwa shida hata usiku, mara nyingi na kamasi au mkoromo, na ugonjwa huanza na wachache. Ukiona hivyo, mwite mtaalamu wa mifugo.

Ukishaiona hali yenyewe, toa jiko au zima taa, fungua upande wa upepo, ongeza nafasi. Badilisha maji, maana yaliyopata moto kwenye chombo cha plastiki vifaranga huyakataa hata wakiwa na kiu, na weka vyombo vingi ili wanyonge nao wafikie. Chakula kipe uzito asubuhi na jioni, saa za jua kali wasishawishiwe kula. Nyasi zilizotandazwa juu ya bati zinasaidia sana. Usiwamwagie maji vifaranga wadogo, kwani wakilowa na usiku ukaingia na ubaridi wake, watalaliana. Na usiwafukuzefukuze ili kuwahamisha, kukimbia nako kunazalisha joto. Fungua nafasi, kaa kando, watahama wenyewe kuelekea kwenye ubaridi.