Mageuzi ya Gorbachev hayakuilegeza Marekani papo hapo

Wengi huamini kwamba Mikhail Gorbachev alipoanza mageuzi yake, baada ya kushika uongozi wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1985, Marekani iliacha mara moja kuuona umoja huo kuwa tishio. Sivyo ilivyokuwa. Ni kweli kwamba mkataba wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati ulitiwa saini Desemba 1987, na kwamba mwaka mmoja baadaye Gorbachev aliutangazia Umoja wa Mataifa kuwa angepunguza wanajeshi 500,000. Lakini George H. W. Bush, alipoingia madarakani kama rais wa Marekani Januari 1989, hakuharakisha mazungumzo, bali aliagiza sera nzima ipitiwe upya, kazi iliyochukua miezi. Wapangaji wa usalama hupima uwezo kabla ya nia, kwa kuwa kiongozi mwenye nia njema anaweza kupinduliwa (Gorbachev mwenyewe alinusurika kwa shida Agosti 1991), ilhali silaha hubaki pale pale. Mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia za masafa marefu ulitiwa saini Julai 1991, miezi mitano tu kabla ya Umoja wa Kisovieti wenyewe kusambaratika.