Kanda Moja, Malalamiko Mawili

Tunaofanya kazi ya kufuatilia taarifa za habari za televisheni tumeshazoea jambo moja: kipindi kikigusa mgogoro mkali, malalamiko hutoka pande zote mbili, na kila upande huapa kwamba mtangazaji amenunuliwa na mwenzake.

Mwaka 1985, Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti kuhusu hali hiyo. Waliwaonyesha watu habari za televisheni za Marekani kuhusu mauaji ya mwaka 1982 katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut, Lebanon. Walioiunga mkono Israeli waliona habari zile zimeionea Israeli. Waliowaunga mkono Waarabu waliona zimeibeba. Kanda ilikuwa ileile. Tena kila kundi liliamini kwamba mtu asiye na upande akizitazama, atageuzwa kuwa dhidi yao.

Hii haina maana kwamba upendeleo haupo. Upo, ila mara nyingi umejificha pasipopigiwa kelele. Sikiliza vitenzi. Waziri “alisema” fedha zimetumika vizuri. Waziri “alidai” zimetumika vizuri. Waziri “alikiri” zimetumika. Mdomo ni mmoja, lakini wa kwanza anaaminika, wa pili anashukiwa, wa tatu tayari ana hatia. Kigumu zaidi kukigundua ni habari ambayo mhariri aliiacha mezani, kwa sababu hiyo huioni kabisa.

Na burudani iliingiaje kwenye habari? Kwa Marekani, vituo vya televisheni vya CBS na NBC vilirefusha taarifa ya jioni kutoka dakika 15 hadi 30 mwaka 1963. Enzi hizo vituo vikubwa vilikuwa vichache, na aliyekuwa akingoja mchezo wa kuigiza alijikuta ameshasikiliza habari, apende asipende. Televisheni ya kebo, yenye chaneli nyingi, ikampa pa kukimbilia. Aliyechoshwa na siasa akahamia kwenye filamu na michezo. Waliobaki kwenye habari ni wapenzi wake sugu, wengi wao wakiwa na upande tayari. Ndio haohao ambao utafiti wa Stanford unatuambia huona uadui katika kanda isiyowasifu.

Kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara hakiwezi kuwaudhi watu hao kila usiku. Halafu kuna saa za kujaza: tangu CNN, kituo cha habari cha saa 24, ianze Juni 1980, habari hazilali. Kumpeleka mwandishi na mpiga picha kwenye tukio ni gharama na huchukua siku kadhaa. Kuwaketisha wabishi wanne studioni ni rahisi, na ugomvi wao huzuia mkono usiifuate rimoti.

Kwa hiyo tunapofundisha, hatuanzi na swali la kituo kipo upande gani. Tunampa mtazamaji saa na karatasi yenye safu mbili, apime kipindi kimoja: dakika ngapi zilitoka kwa mtu aliyefika kwenye tukio, na ngapi ni za watu waliokaa wakilizungumzia. Safu ya pili huanza kujaa mapema.