Kichwa cha mdeki kwa gobore: pima mtutu, pima na kitambaa

Wanaoniletea magobore yao yenye vibali hapa Moshi, hasa masika yanapokaribia, huniuliza ni kichwa cha ukubwa gani kitafaa kwenye mdeki, yaani fimbo ya kusafishia mtutu. Wengi hutaja namba iliyogongwa kwenye chuma, wakitaraji kichwa chenye namba hiyohiyo kitoshe. Lakini kichwa hakiingii peke yake; huingia kimevikwa kitambaa, na vyote viwili kwa pamoja ndivyo vinavyopaswa kuujaza mtutu.

Chukua mtutu wa inchi 0.50, yaani milimita 12.7. Kitambaa cha pamba ambacho kikibanwa hubaki na unene wa robo milimita huongeza robo kila upande, kwa hiyo kichwa kinachostahili ni cha takribani milimita 12.2. Kipande cha fulana nene huivuruga hesabu hiyo yote. Ndiyo maana, baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina fataki, baruti wala risasi, napima mdomo wa mtutu kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, juu ya matuta yaliyo kati ya mifereji iliyochongwa ndani, na si ndani ya mifereji yenyewe, kisha naomba nikione kitambaa ambacho mwenyewe atakitumia.

Kuna jambo lililonigharimu nusu siku kulijifunza. Nilikereza kichwa cha shaba ya njano kilichoshuka vizuri, nikaridhika, kumbe kinapovutwa kitambaa hujikunja kwenye pete za kichwa na kunenepa. Kikagoma kabisa kurudi, hadi nilipomimina maji ya moto na kusubiri masizi yalainike. Kujikunja huko ndiko kunakokwangua uchafu, hivyo tunakuhitaji, ila lazima kuachiwe nafasi. Tangu hapo sikipimi kichwa kwa kushuka kwake, nakipima kwa kurudi.

Kichwa chembamba mno nacho hukiacha kitambaa chini ya mtutu, au hupita juu ya masizi bila kuyagusa. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hugeuka chembe ngumu na si gesi, nyingi zikiwa chumvi zinazovuta unyevu. Mafuta ya taa hayaziyeyushi, maji huziyeyusha, na zikisalia mtutu huanza kutu.

Ukisitasita kati ya vichwa viwili, chukua kilicho chembamba, kwa sababu kitambaa unaweza kukiongeza unene, ilhali shaba iliyozidi itakulazimu kurudi kwenye mashine.