Wabudha wakisema kila kitu ni kitupu wanamaanisha nini hasa

Watu wengi wakisikia Wabudha wanasema kila kitu ni kitupu wanadhani maana yake ni kwamba hamna kitu, meza haipo, wewe mwenyewe haupo, basi tukalale maana hata kazi hazina faida. Sio hivyo kabisa. Na aliyeikataa hiyo tafsiri kwa nguvu kuliko wote ni Nagarjuna, yule yule mtawa wa India wa kama karne ya 2 au ya 3 ambaye wanafalsafa wa utupu, shunyata kwa lugha yao, karibu wote wanaanzia kwake.

Swali la kwanza ni kitupu cha nini? Maana kitu kikiitwa kitupu lazima kuna kilichokosekana ndani yake. Kinachokosekana hapa wao wanakiita swabhava, sisi tuseme kiini, yaani ile hali ambayo kitu kingekuwa nayo chenyewe kwa chenyewe, hakikupewa na kitu kingine, hakikutengenezwa, hakitegemei chochote na wala hakibadiliki. Nagarjuna ana kitabu cha beti chenye sura 27, Mulamadhyamakakarika, na sura ya 15 yote inahusu kiini, anasema wazi kabisa kwamba kiini cha kweli hakiwezi kuwa kimetengenezwa wala kutegemea kingine. Ukishakubali hayo masharti umebaki na kazi ngumu ya kutafuta kitu hata kimoja kinachoyatimiza.

Hii habari haikuanza naye lakini. Buddha mwenyewe alishafundisha kwamba ndani ya mtu hakuna nafsi ya kudumu, kuna mafungu 5 tu, mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya akili na fahamu, yote yanabadilika muda wote. Kwa sisi tuliokulia kanisani au msikitini hapo ndo pagumu pa kwanza, maana tumefundishwa roho ipo na ndo mtu mwenyewe. Kuna mazungumzo maarufu ya zamani kati ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, ambaye ni Menander yule mfalme wa Kigiriki aliyetawala kaskazini magharibi ya India karne ya 2 kabla ya Kristo. Mtawa anamuuliza mfalme umekuja na nini, anajibu na gari la farasi, haya, gari ni magurudumu? hapana, ni ekseli? hapana, ni ule mti wa kuvutia? hapana, ni vyote kwa pamoja? hapana, kuna gari lingine nje ya hivyo? hapana. Sasa gari ulilokuja nalo liko wapi mheshimiwa mfalme. Mfalme mwenyewe ndo anaishia kusema kwamba gari ni jina tunalotumia kwa kutegemea hizo sehemu, na Nagasena anamwambia sawa, na mimi Nagasena ni hivyo hivyo.

Baadaye wakaja wataalamu wa kuchambua mafundisho ya Buddha, hasa kundi la Sarvastivada, wakasema ni kweli mtu na gari havina kiini, ila zile chembe za mwisho zinazounda kila kitu, dharma walivyoziita, hizo zinacho. Yaani wakakitoa kiini juu wakakirudisha chini. Hapo ndipo Nagarjuna alipoingia akasema hata hizo hazina, na kwa maoni yangu ndo alichofanya kikubwa kuliko vyote, maana kila binadamu ana tabia hiyo hiyo, ukimnyang'anya pa kushikilia anatafuta chini zaidi.

Namna anavyojenga hoja utaipenda ukiisoma taratibu. Sura ya 10 anachukua moto na kuni. Je moto ndo kuni zenyewe? Ikiwa ndiyo basi kinachounguza na kinachounguzwa ni kitu kimoja, haiwezekani. Basi moto ni kitu tofauti kabisa na kuni? Ikiwa ndiyo basi moto ungeweza kuwaka peke yake bila kuni, usingezimika kuni zikiisha, na wala usingehitaji mtu wa kuuwasha. Haiwezekani pia. Afu geuza upande wa pili, kuni zinaitwa kuni kwa sababu ya moto, bila habari ya kuwaka ule ni mti tu. Kwa hiyo kila kimoja kimemwegemea mwenzake, na hakuna aliyesimama kwanza peke yake ili mwingine aje kumwegemea. Akimaliza anasema hoja hiyo hiyo ipeleke kwa mtu na yale mafungu 5, na kwa vitu vingine vyote pia.

Ona lakini kwamba hajasema moto haupo. Moto unaunguza na unapika. Alichoondoa ni wazo kwamba moto una kitu chake cha ndani kinachoufanya uwe moto bila msaada wa chochote.

Sura ya 24 ndo ningekushauri uanze nayo ukitaka kusoma. Anaanza kwa kumpa mpinzani nafasi, mpinzani anasema kama vyote ni vitupu basi hamna mateso, hamna njia ya kuyamaliza, hamna hata Buddha, umevunja dini yote. Nagarjuna anamjibu kwamba hujaelewa utupu ni nini na unatumika kwa ajili gani, na anaonya kwamba utupu ukishikwa vibaya unamwangamiza mwenye akili ndogo, kama nyoka aliyekamatwa vibaya. Kisha anamgeuzia hoja. Wewe unayesema vitu vina kiini ndo umevunja kila kitu, kwa sababu chenye kiini hakibadiliki, kwa hiyo mwenye mateso atateseka milele, asiyejua hatajifunza, mbegu haitaota, na hakuna kitu kitakachozaliwa wala kufa. Kinachotegemeana ndo hicho anachokiita kitupu, na kwa sababu ni kitupu ndo kinaweza kubadilika. Utupu na kutegemeana ni jambo moja limeangaliwa pande mbili, na ukiliona hilo lile neno linaacha kutisha.

Anasema pia kuna kweli mbili, ile ya kawaida ambayo tunasema huyu ni mama yangu na hii ni chai, na ile ya mwisho ambayo ukichimba hukipati kiini, na ya mwisho hauwezi kuifundisha bila kuitegemea ile ya kawaida.

Sasa mtu anaweza kusema basi utupu wenyewe ndo kiini cha vitu vyote, ndo kile cha mwisho cha kushika. Hapana, utupu nao ni mtupu, hausimami bila vitu ambavyo ni vitupu, na sura ya 13 anasema wale walioufanya utupu kuwa msimamo wa kushikilia hawaponyeki. Ila sio Wabudha wote wameishia hapo. Huko Tibet, Dolpopa, mtawa wa kundi la Jonang aliyefariki 1361, alifundisha kwamba vitu vya kawaida kweli ni vitupu lakini ile asili ya ubuddha iliyomo ndani ya kila kiumbe ina ukweli wake, kinachokosekana ndani yake ni uchafu wa akili tu, yenyewe sio tupu. Tsongkhapa aliyefariki 1419, ambaye kundi la Gelug linatoka kwake, alipinga hilo kwa nguvu sana akasema hapana, hamna cha kubakiza. Karne ya 17 serikali ya Gelug ikawanyang'anya Wajonang makao yao makuu, siasa nazo zilihusika, wao wakasogea mashariki kwenye eneo la Amdo na mpaka leo bado wanafundisha mafundisho ya Dolpopa.